Habu, beringi na diski za breki za nyuma kwenye lori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia rudia kuhusu ekseli ya nyuma yenye difu (gia za katikati zinazogawa nguvu kwa tairi), sio ya mbele wala ya trela. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine yanaisha haraka. Kama una kitabu cha gari lako basi namba za kitabu ndo zinatangulia, hizi zangu zinafuata nyuma.

Fundi, nitajuaje beringi ya nyuma imeanza kufa kabla haijanilaza barabarani?

Mara nyingi inaanza na mvumo mzito unaopanda na kushuka na spidi. Ukitoa gia ukaacha gari litembee lenyewe na mvumo bado upo, ujue sio injini. Ila difu iliyochoka nayo inavuma na tairi zilizolika madoa madoa zinavuma vilevile, kwa hiyo usihukumu kwa sikio tu. Piga jeki, zungusha tairi taratibu kwa mkono mmoja na mkono mwingine ushike springi au bomba la ekseli, beringi mbovu utaisikia ikikwaruza kwenye kiganja kabla sikio halijasikia chochote. Kwa tairi pacha kushika juu na chini hakutoshi, weka mtaimbo chini ya tairi unyanyue kidogo kidogo uone kama habu (kitovu cha gurudumu) inacheza.

Dalili nyingine ambazo watu wanazipita tu: oili upande wa ndani wa ringi, habu moja ina joto kuliko mwenzake baada ya safari ileile, pedi zimelika upande upande, na taa ya ABS (mtambo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki) inayowaka na kuzima bila mpango, maana habu ikicheza basi umbali kati ya sensa na pete yake yenye meno unabadilika kila saa.

Ekseli yangu ni ya aina gani? Naona watu wanazungumzia nati mbili na mimi sizioni.

Angalia katikati ya gurudumu kwa nje. Kama kuna kichwa kimetokeza na kina duara la bolti au nati zimeshika flanji (sahani ya mwisho) ya shafti, hiyo ni ile ekseli ambayo shafti kazi yake ni kuzungusha tu, mzigo wote umebebwa na habu iliyokaa juu ya bomba kwa beringi mbili za koni, ya ndani na ya nje. Malori mengi ya mzigo yako hivyo na ndo nitakayoizungumzia hapa. Uzuri wake ni kwamba shafti unaichomoa tairi zikiwa zimefungwa bado, na zile nati mbili zinazobana beringi utaziona mwisho wa bomba ukishaitoa. Kama katikati hamna bolti hizo, kama zilivyo pikapu nyingi ndogo, basi shafti yenyewe ndo imebeba uzito na beringi iko mwisho wa bomba, hiyo ukitoa shafti umetoa na gurudumu na utaratibu wake ni mwingine kabisa.

Naanzia wapi kabla sijagusa spana?

Shusha mzigo kwanza. Sehemu tambarare na ngumu, vigingi kwenye tairi za mbele pande zote mbili za kila tairi, jeki inanyanyua lakini inayobeba ni stendi, tena stendi ya uzito unaostahili na sio tofali wala kipande cha gogo.

Sasa kwenye lori la breki za upepo kuna jambo la springi. Breki ya kuegesha inashikwa na springi iliyoko ndani ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki), upepo ndo unaiachia. Ukiwa na upepo kwenye tenki diski inazunguka vizuri na wewe unaona mambo yako sawa, ila bomba la upepo likivuja au mtu akavuta swichi kule kabini, springi inabana na vidole vyako viko pale pale. Dawa yake ni ule mchuma mrefu wenye nati unaokuja na chemba, unauingiza nyuma, unazungusha ukashika, alafu unakaza nati mpaka springi iwe imefungwa. Ukishafanya hivyo gari halina breki ya kuegesha, kwa hiyo vile vigingi ndo vinalishikilia. Na usije ukafungua bangili inayoshikilia ile sehemu ya springi, kwa sababu yoyote ile. Ile springi inaua mtu.

Nimefungua nati zote za shafti lakini imegoma kutoka, nipigilie tindo kati ya flanji na habu?

Hapana. Uso wa flanji ukishapata kovu la tindo utakuwa unavuja oili maisha yake yote. Shafti nyingi zimekazwa na vishikio vya koni vilivyozunguka kila stadi (bolti isiyo na kichwa), hivyo ndo vinavyogoma, sio shafti. Legeza nati zote lakini ziache zimeshika nyuzi chache mwishoni. Chukua kipande kinene cha shaba nyeupe, kiweke katikati ya flanji, piga kwa nyundo nzito pigo moja la nguvu, sio vipigo ishirini vya kubembeleza. Koni zinaruka zenyewe, na zile nati ulizoacha zinazuia zisikurukie usoni. Vaa miwani hata hivyo. Usipige flanji moja kwa moja kwa nyundo ya chuma, chuma kigumu kikigongana na kigumu kinamegeka.

Weka karai chini kabla shafti haijatoka, oili ya difu itakuja nayo.

Lazima nitoe habu ili nibadilishe diski?

Inategemea diski imefungwa wapi. Zipo zinazovaa habu kwa nje kama kofia, hizo ukitoa kalipa (kile kibanio cha pedi) na kibebeo chake diski inachomoka, na kama imeng'ang'ana kwa kutu unapaka dawa ya kulegeza unasubiri. Lakini malori mengi diski imefungwa kwa nyuma ya habu kwa bolti, au imeshikwa na stadi za tairi zenyewe, na hiyo huna njia, habu inatoka. Watu wanasikitika wakisikia hivyo, mimi naona ni bahati, kwa sababu ndo nafasi pekee ya kuona beringi bila kusubiri iungue.

Habu ikitoka itoke imenyooka. Beringi ya nje itaanguka ukivuta kwa pupa, kwa hiyo kiganja kiwe tayari kuidaka. Na usiiache habu ilalie nyuzi za bomba, nyuzi zile zikipinda hata kidogo nati haitakaa sawa na vipimo vyako vyote vitakuwa uongo. Habu na diski ya lori sio mzigo wa mtu mmoja, tumia toroli au winchi.

Oili imemwagikia pedi, naweza kuziosha kwa petroli nikazirudisha?

Tupa. Oili imeshaingia ndani ya pedi, utaosha juu itaonekana safi, siku ya kwanza ikipata joto inatoka tena na gari linavuta upande mmoja ukishika breki. Diski yenyewe ni chuma, hiyo osha vizuri kwa dawa ya kusafishia breki na inarudi. Na vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa, lilowanishe ulifute, mapafu hayana spea.

Nimebadilisha sili ya habu (ile pete inayozuia oili isitoke), baada ya wiki imevuja tena. Sili za siku hizi ni feki?

Zipo feki, sikatai. Lakini kabla ya kulaumu sili nenda kaangalie kipumulio cha difu, kile kidude kidogo kilichoko juu ya nyumba ya ekseli. Oili ikipata joto hewa ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea kwa sababu kipumulio kimejaa tope, inatokea mahali palipo dhaifu, na hapo ni kwenye mdomo wa sili. Utabadilisha sili za kila kampuni na zote zitavuja. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache tu na sijui kwa nini kinasahaulika hivi.

Cha pili ni kimo cha oili. Difu inajazwa mpaka kwenye mdomo wa tundu la kujazia gari likiwa tambarare, sio ukaongeza na ka-lita ka ziada ili "iwe salama".

Cha tatu, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokalia. Kama ukucha unanasa kwenye mfereji, sili mpya itakaa kwenye mfereji uleule na haitaziba. Kovu dogo unapitisha msasa laini kwa kuzungusha, usisugue kwenda mbele na nyuma kwa urefu, maana mistari ya urefu inakuwa njia ya oili. Kama mfereji ni mzito kuna pete za kuvalisha juu yake, au unabadilisha pete yenyewe kama ni ya kutoka.

Cha nne ndo kikubwa: beringi iliyolegea. Habu ikicheza, sili inapigwa juu chini kila mzunguko na mdomo wake unachoka. Hapo sili imekufa kwa kosa la beringi, ukibadilisha sili bila kupima mchezo wa habu umefuta machozi tu na aliyemliza mtoto yuko palepale.

Na kwenye kuifunga, tumia kifaa chake kinachosukuma duara lote kwa pamoja. Sili iliyogongwa kwa nyundo upande upande inapinda ganda na huoni kwa macho. Kuna zinazofungwa zikiwa kavu na kuna zinazotakiwa kupakwa oili mdomoni, soma karatasi iliyokuja nayo. Sili iliyotoka hairudi, hata kama inaonekana mpya.

Beringi nikishaiosha naangalia nini hasa?

Osha kwa mafuta ya taa au dizeli ndani ya karai kwa brashi, mpaka usione weusi. Kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kuna ule mchezo wa kuizungusha kwa upepo wa kompresa ili ilie kama filimbi, uache. Beringi kavu inazunguka kwa kasi bila oili, na rola ikichomoka kwenye keji (fremu inayozishikilia) inakuwa risasi.

Alafu nenda kwenye mwanga, zungusha rola moja moja kwa kidole gumba na usome. Chuma kikiwa kimebanduka magamba kwenye rola au kwenye kikombe (pete ya nje inayokaa ndani ya habu), imechoka, haina mjadala. Rangi ya kahawia au bluu ni joto, yaani ilikosa oili au ilikazwa kupita kiasi, na mara nyingi utakuta vichwa vinene vya rola vimekwaruzika. Mistari ya giza kwenye kikombe iliyopishana sawasawa na nafasi za rola ni maji, gari lilisimama muda mrefu maji yakiwa ndani, na haya yanaingia zaidi pale habu yenye moto inapotumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupitia sili. Vishimo vilivyopishana vilevile lakini vyenye kina ni pigo, mtu aligonga kwa nyundo au habu iliangushwa. Uso mzima umefifia kijivu bila kung'aa ni mchanga mchanga uliokuwa kwenye oili.

Kuna alama moja watu hawaijui, mifereji midogo midogo mingi iliyojipanga kama ubao wa kufulia. Hiyo ni umeme. Mtu alichomelea bodi akabana waya wa arthi mbali, umeme ukapita ndani ya beringi kutafuta njia. Ukichomelea chochote kwenye lori bana arthi karibu na unapochomelea.

Naweza kubadilisha koni tu (pete ya ndani na rola zake), kikombe kikabaki kilekile?

Usifanye hivyo. Rola na kikombe vimelika pamoja, koni mpya kwenye kikombe cha zamani inakalia mabonde ya mwenzake na itakufa mapema. Nunua seti, na ziwe za kiwanda kimoja hata kama namba zinalingana.

Kikombe kinatokaje kwenye habu, na kipya kinaingiaje?

Kutoa, gonga kwa shaba kutokea upande wa pili ukizunguka zunguka ili kisiende upande. Kama kimegoma, wengi wanapitisha mshono wa weldi ndani ya kikombe kuzunguka duara lote, kikipoa kinasinyaa na kinadondoka karibu chenyewe. Kwa habu ya chuma hiyo inakubalika, ya aluminiamu inatakiwa kupashwa moto kwa oveni na sio kwa moto wa gesi.

Kuingiza, kilaze kipya kwenye friza usiku mzima, habu uipashe joto kidogo. Tumia kisukumio cha duara au kikombe cha zamani ulichokisaga pembeni kisije kikanasa humo ndani. Sikiliza nyundo: kikombe kikiwa bado kinasafiri mlio ni mzito umefumba, kikigusa mwisho mlio unabadilika unakuwa mkali na nyundo inarudi mkononi. Hata baada ya mlio huo ingiza geji ya unyoya (vibati vya kupimia nafasi) iliyo nyembamba kuliko zote kati ya kikombe na bega la habu, isipite mahali popote. Kikombe ambacho hakijakaa mwisho kitajikalisha chenyewe barabarani na ule mchezo uliopima utakuwa umebadilika.

Kama kikombe cha zamani kilitoka kwa mkono bila nguvu, na nje yake kinang'aa, kilikuwa kinazunguka ndani ya habu. Habu hiyo imekwisha. Najua mtindo wa kupiga panchi vidoti ndani ili kikombe kishike, hauna maisha, vidoti vinalala baada ya muda na unarudi kulekule ukiwa na mzigo juu.

Grisi au oili?

Ekseli nyingi zenye difu habu zake zinalainishwa na oili ya difu inayotembea ndani ya bomba. Hizo beringi unazipaka oili ileile wakati wa kufunga, basi. Ukizijaza grisi nzito unaziba njia ya oili, na grisi yenyewe inakuja kuyeyuka na kuchafua oili ya difu. Zipo ekseli ambazo sili yake inazuia oili isifike kwenye beringi, hizo ndo za grisi, na hapo unajaza kwa kiganja, unasukuma grisi kutoka upande mnene wa koni mpaka uione inatokea upande wa pili kati ya rola. Grisi za aina mbili usichanganye, zipo zinazokataana zikawa maji. Kuna gari ambalo huna uhakika ni la aina gani? Angalia ulichokikuta ndani na uangalie sili imekaa wapi, kama bado huelewi fungua kitabu.

Nakaza nati ya habu kiasi gani? Mimi huwa nakaza mpaka ikaze alafu narudisha kidogo.

Hapo kwenye "kidogo" ndo panapoua beringi. Kidogo chako na changu havilingani.

Kwa habu za kawaida za nati mbili kwenye ekseli za difu za malori mazito, utaratibu unaotumika sana ni huu. Nati ya ndani unakaza mpaka Nm 271 (namba ya spana ya kupimia nguvu) huku habu inazungushwa, na kuzungusha sio urembo, rola zinatakiwa zijipange zikalie vichwa vyake vinene, usipozungusha unakaza rola zilizokaa mshazari. Alafu unailegeza mzunguko mzima. Unakaza tena mpaka Nm 68 ukiendelea kuzungusha. Alafu unarudisha robo ya mzunguko. Unaweka washa ya loki, unafunga nati ya nje kwa kipimo cha kitabu chako. Gari dogo, nati ya aina nyingine, au kampuni inayosema tofauti, unafuata wao.

Sasa kupima. Nati ya nje ikikazwa inasukuma ile ya ndani na kula nafasi iliyokuwepo kwenye nyuzi, kwa hiyo mchezo ulioupima kabla ya nati ya nje sio mchezo utakaobaki. Pima baada ya kila kitu kukazwa. Kitako cha sumaku cha dayo geji (saa ya kupimia mchezo) kinakaa kwenye habu au diski, ncha inagusa mwisho wa bomba. Shika habu saa tatu na saa tisa, sukuma ndani huku unaichezesha kushoto kulia, weka sifuri, vuta nje ukiichezesha vilevile, soma. Inatakiwa iwe kati ya mm 0.025 na mm 0.125. Hiyo ya juu ni unene wa karatasi ya kuandikia na kidogo juu yake, hamna kiganja duniani kinachoweza kupima hapo. Ikiwa nje ya namba hizo fungua, rudia. Ikiwa sifuri pia rudia, maana sifuri kwenye geji inaweza kuwa beringi imebanwa na huwezi kujua imebanwa kiasi gani.

Kati ya kulegea na kukaza sana, bora kipi?

Hamna bora hapo, ila iliyokazwa inaua haraka zaidi. Inapata joto, ikipata joto inatanuka, ikitanuka inabana zaidi, na mwisho rola zinashikana na bomba na gurudumu linaweza kuondoka na habu yake. Iliyolegea inakula sili na pedi kwanza, inakupa muda wa kuiona.

Habu yangu ni ya kisasa, wameniambia hairekebishwi.

Ni kweli zipo. Beringi imefungwa kiwandani na nati moja inakazwa kwa nguvu kubwa ya namba moja tu, hamna kurudisha robo wala nini. Ukiifanyia utaratibu wa nati mbili umeiharibu. Ukiona inacheza au inakwaruza, inabadilishwa nzima.

Diski naitupa lini? Na hizi nyufa ndogo ndogo ni kawaida?

Unene wa mwisho mara nyingi umeandikwa kwenye diski yenyewe, sugua kutu utauona. Kwa breki za upepo za malori ya ringi inchi 22.5, diski nyingi zinaanza na mm 45 na zinatupwa zikifika mm 37, pedi nazo zisishuke chini ya mm 2 za dawa yenyewe (ile sehemu inayosugua diski), bila kuhesabu bati. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa kuzunguka duara, na usipime ukingoni kabisa ambako kuna kibega kisicholika, kitakudanganya.

Nyufa za juu juu kama utando wa buibui zinatokana na joto na kwa kiasi zinavumilika. Ufa uliofika ukingoni, au uliozama ukucha unanasa, au uliopita mpaka kwenye matundu ya hewa katikati, diski hiyo haiendi tena barabarani.

Breki zinatetemeka, diski imepinda?

Kila mtu anasema imepinda. Mara nyingi haijapinda, unene wake haulingani, sehemu moja nene na nyingine nyembamba, au dawa ya pedi imeganda kwa mabaka baada ya kusimama umekanyaga breki diski ikiwa ya moto sana. Nyingine ni uchafu tu, kigamba cha kutu kati ya diski na habu kinatosha kuifanya iyumbe huko pembeni, ndo maana uso wa habu unasuguliwa mpaka chuma kiwe cheupe kabla ya kufunga diski mpya. Na kabla ya diski pima beringi, habu ikicheza hata diski mpya itatetemeka.

Kukereza kunawezekana kama baada ya kukereza bado utabaki juu ya namba ya mwisho na nafasi ya kulika. Kama itabaki pembeni ya mwisho umelipa fundi wa mashine bure.

Nikibadilisha pedi, kalipa nayo niifanye nini?

Ukitoa pedi, isukume kalipa kwa mkono, iteleze kwenye pini zake bila kugombana. Pini zilizoshika ndo sababu pedi ya upande mmoja inakwisha na ya pili nzima. Angalia vifuniko vya mpira kama vimechanika. Kwenye zile za upepo, kirekebishi cha nafasi ya pedi kinarudishwa kwa mkono kwa kutumia kipande chake kidogo kinachokatika nguvu ikizidi, usiweke bunduki ya upepo hapo, na mtu asikanyage breki pedi zikiwa nje.

Pedi na diski badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Beringi sio lazima pande zote, ila kagua na upande wa pili, umefanya kazi ileile umbali uleule.

Nimefunga kila kitu, oili itafikaje kwenye habu?

Haifiki yenyewe haraka, na wengi wanaunguza beringi mpya kilomita za mwanzo kwa sababu hii. Jaza difu, nyanyua upande mmoja wa ekseli kama sm 15 ukae dakika moja hivi ili oili ikimbilie habu ya upande wa chini, shusha, nyanyua upande mwingine vilevile. Shusha tambarare, subiri kidogo, angalia kimo. Utakuta kimeshuka, ongeza. Kama habu ina tundu la kujazia, tumia hilo.

Nati za tairi je?

Kwa ringi zinazokaa kwenye habu na nati za M22, ni Nm 610 mpaka 680, kwa kuruka upande huu na upande huu na sio kuzunguka kwa mfuatano. Hizo zinapenda tone la oili kwenye nyuzi na kati ya nati na washa yake. Zile za zamani ambazo ringi inakaa kwenye stadi kwa koni zinafungwa kavu. Nyuso za ringi na habu ziwe safi, rangi nene inalainika inalegeza nati. Kaza tena baada ya kilomita 80 mpaka 160.

Taa ya ABS imewaka baada ya kufunga habu na hapo mwanzo haikuwaka.

Sensa ilirudishwa nyuma na haijasogezwa mbele. Inakaa ndani ya kibati cha springi, isukume kwa kidole au kwa kipande cha mti mpaka iguse pete yenye meno, alafu zungusha habu, pete itaisukuma yenyewe mpaka pale inapotakiwa. Usiigonge wala usiivute kwa waya. Kama bado inawaka kagua pete kama ina meno yaliyovunjika au kama imekaa mshazari wakati ulikuwa unagonga sili, iko jirani kabisa na hapo. Kwenye gari nyingi taa haizimi gari likiwa limesimama, mpaka litembee kidogo ndo mtambo uone ishara, kwa hiyo jaribu kwanza kabla hujafungua tena.